Kadude ka kupima unyevu kwa konokono: nyota tatu, sababu hii hapa

Nafuga konokono Juja, wale wakubwa wa kahawia, kama mia mbili hivi kwa kreti nane nyuma ya nyumba. Mwezi wa tano nilishuka Luthuli, ule mtaa wa vifaa vya umeme Nairobi, nikanunua kale kadude keupe ka kupima joto na unyevu, ka betri mbili ndogo, 700 baada ya kubishana sana. Hakana hata jina la kampuni.

Nianze na mazuri. Namba ni kubwa unaziona hata na tochi, na ukifuga konokono kazi ni usiku, mchana wao wamelala tu. Julai baridi ilipiga vibaya, asubuhi moja nakuta nyuzi 14, wote wamejikunja, sukuma wiki iko vile nilivyoiacha. Hapo nikajua si ugonjwa, ni baridi, maana wanataka kama 23 hadi 28, nikaingiza kreti store nikafunika na magunia na baada ya siku mbili wanakula kama kawaida. Bila hiyo namba ningekuwa nishaanza kutafuta dawa.

Sasa vituko. Muuzaji aliniambia nikaweke chini kwa udongo, nikafanya hivyo. Kesho yake kanasoma 99, siku ya tatu 99, ya nne 99, nikasema unyevu upo wa kutosha nikaacha kupuliza maji. Kumbe kuna jamaa mmoja amekalia yale matundu ya nyuma, amelala hapo na ute wake wote, na stika ya nyuma ameikwangua akala yote (karatasi wanapenda hao!). Wenzake kwa kona wamejifungia, kila mmoja ameziba mlango na ule utando mweupe mkavu, ambao ukiuona ujue tu kumekauka. Niliwapulizia maji ya vuguvugu usiku wakatoka, isipokuwa wawili walikuwa washaoza, na hiyo harufu heri usiijue.

Siku hizi nakaning'iniza juu ndani ya kichujio cha chai kilichochakaa, hawakafikii.

Kitu kingine, kapime kwanza kabla hujakaamini. Weka chumvi kwa kifuniko cha chupa, tia matone ya maji iwe nzito kama uji, fungia pamoja na kadude kwa mkebe usiopitisha hewa mpaka kesho. Kanafaa kusoma unyevu wa 75. Kangu kalisoma 68, kwa hivyo naongeza saba kichwani kila nikiangalia. Fanyia hiyo kazi ndani ya nyumba na uoshe mikono vizuri, chumvi ikifika kwa konokono umewaua.

Nyota tatu basi. Tano naipa mizani ya jikoni niliyochukua siku hiyo hiyo. Kila Jumamosi napima wale wadogo kumi, wale wale, nimewapaka rangi ya kucha kwa gamba, na kama chakula na maganda ya mayai yaliyosagwa yapo lazima gramu zipande. Mmoja alikwama kwa 31 wiki tatu, unyevu uko sawa, joto sawa. Nikamgeuza na tochi nikaona vidudu vyeupe vidogo sana vinakimbia kimbia karibu na tundu lake la pumzi. Sai ako kwa ndoo yake pekee, na kreti alikotoka nimemwaga udongo wote.