Infusor LV5: pampu nzuri ya dawa ya saratani, ila ilindwe dhidi ya baridi ya Makete

Kwa mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana na sasa yuko kwenye fluorourasili, dawa ya saratani inayoingia mshipani kwa saa 46, Infusor LV5 ya kampuni ya Baxter inamtoa wodini. Haitaki umeme wala betri. Ndani ya chupa ya plastiki mna puto linalosinyaa taratibu na kusukuma dawa mililita 5 kwa saa. Umeme ukikatika Tukuyu, yenyewe haina habari. Kwa wepesi tunaipa alama za juu. Kwa baridi ya huku, mpaka uijue tabia yake.

Mwendo wa dawa unaamuliwa na kizuizi kidogo kilicho kwenye kiungio cha mwisho wa mrija, nacho kimepimwa kwa joto la ngozi, nyuzi 33 hivi. Joto likishuka nyuzi moja, mwendo hupungua kwa takribani asilimia 2.3. Kiungio kikining'inia juu ya sweta asubuhi ya Juni kule Makete au Njombe, nyuzi 10 zinapotea kirahisi, na saa 46 zinakaribia 60. Mgonjwa anarudi kufunguliwa, chupani bado mna dawa. Kibandikwe kwa plasta kwenye ngozi ya kifua, chini ya nguo zote. Joto la kuzidi ni baya zaidi: ukiota moto wa jiko la mkaa pampu ikiwa mbele yako, dawa inakimbia, na fluorourasili ikikimbia huleta vidonda mdomoni, kuharisha na kushuka kwa chembe nyeupe za damu.

Kwenye kujaza, kipimo ni miligramu 2,400 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili. Mwenye mita 1.6 anapata miligramu 3,840. Kwa dawa ya miligramu 50 kwa mililita, hiyo ni mililita 76.8. Ongeza dekstrosi (maji ya sukari ya dripu) ya asilimia 5, mililita 153.2, zitimie 230. Salini (maji ya chumvi ya dripu) msiitumie kwa mazoea: ni nyepesi kuliko dekstrosi, mwendo unazidi kwa karibu asilimia 10 na pampu inaisha saa nne kabla ya wakati. Wala msiiunge kwa mgonjwa kabla tone halijatoka mwisho wa mrija.

Kasoro kubwa ni kwamba haina kengele. Klipu ya sindano ya poti (kifaa kilichowekwa chini ya ngozi ya kifua cha kupitishia dawa) ikisahaulika imefungwa, pampu inanyamaza tu, na kwa macho puto halionyeshi tofauti saa za mwanzo. Dawa yake ni mizani ya kidijitali ya jikoni. Pima pampu inapounganishwa kwa mgonjwa saa 10 jioni, pima tena saa 2 asubuhi bila kuvuta mrija: ziwe zimepungua gramu 80 hivi. Zikipungua 20, piga simu wodini.

Alhamisi na Ijumaa mgonjwa asiunganishwe pampu kama wikendi hakuna wa kuifungua. Ikivuja njiani, funga klipu, vaa glavu, itie kwenye mifuko miwili na uirudishe hospitali. Usiitupe shimoni wala kuichoma.