Valgrind au AddressSanitizer: kipi kishike kumbukumbu inayovuja kwenye GTK?

Programu yako ya GTK (maktaba ya kujenga madirisha na vitufe) inafungua dirisha, unalifunga, lakini RAM haishuki. Hapo ndipo ubishi huanza: kati ya zana hizi mbili za kusaka makosa ya kumbukumbu, utumie ipi?

Kwa maandalizi, Valgrind ni rahisi: unaendesha programu ileile iliyopo, bila kuikompaili upya, ingawa taarifa za debagi zikiwemo, ripoti husomeka vizuri zaidi. AddressSanitizer inadai ukompaili upya kwa `-fsanitize=address`, kwenye kompaila ya GCC au Clang.

Kasi ni habari nyingine. Valgrind huweza kupunguza mwendo mara 20 au 30. Ukibofya kitufe unaweza kwenda kuchemsha chai. AddressSanitizer kwa kawaida hupunguza kama mara 2 tu, hivyo inafaa kuachwa kwenye majaribio ya kila siku.

Kelele, yaani maonyo yasiyo na maana, zipo kote. GTK na maktaba za fonti hushikilia kumbukumbu hadi programu ifungwe, na hiyo si kuvuja. Kwa Valgrind, anza na faili la `glib.supp` la kunyamazisha maonyo hayo, linalokuja na GLib, maktaba ya msingi ya GTK. Kama GLib yako ni ya kabla ya 2.76, weka pia kigeu cha mazingira `G_SLICE=always-malloc`, la sivyo ripoti itakupotosha.

Kinachoniudhi: kitu kikibaki hai kwa sababu ishara (signal) fulani bado inakirejelea, AddressSanitizer hunyamaza kabisa. Valgrind angalau hukionyesha ukiomba `--leak-check=full --show-leak-kinds=all`.

Umerithi programu ya mtu na kuijenga upya ni balaa? Valgrind. Msimbo ni wako na unabadilika kila siku? AddressSanitizer.