TAHADHARI: "Fundi wa Mazeras" anayeuza antena ya kuonea mpira bure ni mwizi

Watu wa Waa, Tiwi, Ukunda, Diani mpaka Msambweni, nawaomba msome hii kabla hamjamfungulia mtu mlango. Kuna bwana anapita nyumba kwa nyumba akijiita fundi wa mtambo wa Mazeras, ule unaorusha matangazo ya runinga huku kwetu. Si fundi. Ni mwizi, na mie kaniibia Jumatano iliyopita mchana kweupe huku nimemshikia ngazi na chai nimemtilia.

Ndiyo, ngazi nilimshikia kwa mikono yangu miwili. Chekeni kwanza, mkimaliza tuendelee.

Mama yangu taarifa ya habari ya saa moja jioni kwenye runinga haikosi. Sasa kwa wiki mbili hivi picha ilikuwa inaganda. Msomaji anaanza vizuri, mara uso unakatika miraba miraba, sauti inakwaruza, kisha kioo kinakuwa cheusi. Zamani za analojia, za picha yenye chenga, ungeona angalau kivuli cha mtu na sauti ukaipata. Hii ya dijitali haina huruma, ama unapata picha safi ama hupati kitu. Mama akaanza kununa. Jioni ya Jumanne alikwenda kutazama kwa jirani, na kwangu hiyo ni aibu kubwa kuliko mnavyofikiria.

Kesho yake, saa nne kasorobo, pikipiki ikasimama mlangoni. Akateremka kijana wa makamo, shati la buluu limepigwa pasi, kitambulisho kinaning'inia kifuani, begi mgongoni, na chini ya kwapa boksi refu la katoni. "Hodi, shikamoo mama." Viatu kavua kabla hajaambiwa. Kamuuliza Mama hali yake, kamuuliza miguu, kasema naye mamake ana miguu hiyohiyo. Nawaambia, adabu ile kama ingekuwa inauzwa ningeinunua hata bila antena.

Kisha akauliza: "Picha yenu haigandigandi siku hizi?"

Hapo ndipo alipotumaliza. Nilidhani mtu huyu kweli katoka huko kwenye mtambo, kajuaje? Sikufikiria kwamba msimu huu wa upepo na chumvi hii ya bahari nusu ya Tiwi picha inaganda, ukiuliza mlango wowote utaambiwa ndiyo.

Akaeleza kwamba mtambo wa Mazeras unabadilishwa, ving'amuzi vya zamani vyote vitazimwa mwisho wa mwezi, atakayechelewa atabaki na redio. Nyinyi mtasema nilikuwa mjinga kuamini. Lakini kumbukeni mwaka 2015! Si tuliambiwa hivyohivyo, analojia itazimwa, tukasema maneno tu hayo, na ikazimwa kweli? Na si stesheni tatu kubwa kwa mpigo, Citizen, NTV na KTN, zilikaa karibu wiki tatu haziko hewani mwezi wa pili ule kwa sababu ya ugomvi wa mitambo? Mama mpaka leo akizitaja siku zile anashika shavu. Kwa hiyo mtu akisimama mbele yake akasema "itazimwa", haulizi ushahidi. Nami sikuuliza.

Akaomba ngazi. Akapanda na kimashine chenye mshale na taa, kinalia kama mbu. Akakiunga kwenye waya wa antena yangu ya zamani, mshale ukalala chini. "Unaona kaka? Asilimia kumi na mbili. Hii imekufa." Mie huku chini natingisha kichwa kama daktari kanionyesha picha ya mapafu. Akashuka, akafungua katoni, akatoa kibapa cheusi cha plastiki, kama sinia dogo, kina taa nyekundu na maandishi ya dhahabu. Antena ya dijitali yenye busta ya kukuza mawimbi, akasema, inavuta kilomita 200. Pamoja nayo king'amuzi kipya kidogo, na "kadi ya mwaka mzima" ya chaneli zote, mpira wa Uingereza ndani yake, bila kulipia mwezi hadi mwezi.

Nikamwambia, kaka, mpira wa Uingereza bure? Akacheka taratibu. "Ngoja nikuonyeshe, usilipe kabla hujaona."

Neno hilo ndilo lililonimaliza. Tapeli gani anakwambia usilipe kabla hujaona?

Akachomeka nyaya zile tatu, nyekundu, nyeupe, ya njano. Akainama nyuma ya runinga, akasema anakaza waya, mkono ukakaa huko muda kidogo. Akashika rimoti, akabonyeza vitufe haraka haraka, na wallahi ukatokea mpira. Safi! Majani unayahesabu. Watu wanashangilia, mtangazaji anapiga kelele kwa Kiingereza, mataa ya uwanja yanawaka. "Hii ni moja kwa moja kutoka Uingereza," akasema. Nikaita watu wa baraza waje waone. Watano walikuja. Mzee mmoja, sitamtaja maana ananisoma hapa, alisema "sasa hapa ndipo kijiji", na akataka kuandikisha chake pia.

Haya. Mpwa wangu wa darasa la saba aliporudi skuli jioni, nilipomsimulia, aliniangalia akauliza swali moja tu: "Mjomba, ilikuwa saa ngapi?" Nikasema saa nne asubuhi. Akanyamaza. Akasema, "Jumatano saa nne yetu, Uingereza ni saa mbili asubuhi, baridi ikiingia ni saa moja. Na wewe unasema mataa ya uwanja yalikuwa yanawaka?"

Watu wazima sita tulikaa pale tukitazama mechi ya usiku asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyesema neno. Mie nilifikiri Uingereza kuna giza giza siku zote. Ilikuwa flashi. King'amuzi kina tundu la flashi nyuma, kaichomeka alipokuwa "anakaza waya", akatufungulia mechi ya kale iliyorekodiwa. Hata antena ilikuwa bado haijaunganishwa! Iko mezani, tunaitazama, taa nyekundu inawaka kwa umeme wa ukutani.

Bei ilikuwa 7,500. Akasema antena yangu ya zamani na king'amuzi cha zamani atavichukua kwa thamani ya 1,000, kwa hiyo nitoe 6,500, na 300 za usajili. Nikatuma kwa M-Pesa. Jina lililotokea ni la mwanamke. Nikamuuliza. "Huyo ni mhasibu wetu." Nikasema sawa! Mtu anasimama sebuleni kwangu anasema ana mhasibu, miguu haina viatu, nami nasema sawa.

Akapanda tena, akang'oa antena yangu, akafunga kile kibapa chake kwenye boriti, uso kakielekeza baharini. Akasema chaneli zitajifungua zenyewe baada ya saa 24, tusizime wala tusiguse rimoti. Akanywa chai, akala vitumbua viwili, akamwombea Mama dua ya miguu, akapanda pikipiki na antena yangu begani kama mvuvi katoka pwani na nguru.

Saa 24 zikapita, na saa 48 nazo. Mama alikaa mbele ya kioo kinachosema hakuna mawimbi, hataki kuzima kwa sababu aliambiwa asizime. Nikapiga simu. "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa." Mpaka leo.

Ijumaa nikachukua vitu vyote nikaenda kwa fundi wa Ukunda, yule wa karibu na soko, mzee wa kazi. Alivitazama akavuta pumzi, akaniambia niketi. King'amuzi chenyewe ni cha DVB-T, kizazi cha kwanza cha mawimbi ya runinga ya dijitali. Mitambo yetu Kenya inarusha DVB-T2, kizazi cha pili, na boksi la T halisomi T2 hata ulipandishe juu ya mnara wenyewe. Karatasi ya T2 ilikuwa ya kubandikwa, aliibandua kwa kucha, chini yake maandishi mengine. Kibapa akakipasua kwa bisibisi: ndani kuna kipande cha bati na waya mmoja ambao haukufika popote. Taa nyekundu ndiyo kitu pekee kilichokuwa kinafanya kazi. Na kile kimashine cha mbu, nilipomweleza, akasema ni cha kutafutia mawimbi ya dishi la setilaiti. Kwa antena ya kawaida ni kama kupima homa kwa rula.

Nikamuuliza, na ile picha kuganda? Akauliza waya wangu umeungwa wapi. Nikasema pale juu, chini ya antena. Akasema chumvi imekula kiungo, ningekata inchi mbili za waya nikaunga upya kwenye shaba safi. Kazi ya shilingi 150. Akaongeza kwamba hakuna kitu kinaitwa antena ya dijitali. Antena inadaka mawimbi tu, haijui kama ndani yake kuna dijitali au chenga, wala haijui chaneli ya bure na ya kulipia. Ile yangu ya aluminiamu yenye miiba kama ya samaki ilikuwa ya masafa ya UHF, na stesheni zetu za bure za Mazeras ziko UHF. Ilikuwa inatosha mpaka nife. Mimi ndiye niliyempa mtu aondoke nayo na pesa juu.

Hebu fikirieni mwelekeo pia. Kutoka Tiwi, Mazeras iko karibu sawa na kibla, inapinda kidogo mkono wa kushoto. Antena yangu tangu niiweke ilikuwa inatazama huko, Mama mwenyewe alizoea kusema runinga yetu inaswali. Yule mwizi kaigeuza mashariki, baharini, inatazama samaki, na mie nimesimama chini ya ngazi. Nilijua! Kitu moyoni kilisema mbona huku. Nikanyamaza kwa kuona aibu kumkosoa fundi.

Polisi nimekwenda, nimeandikisha, nina nambari ya OB, kile kitabu chao cha matukio. Aliyeniandikia alinyanyua kichwa pale kwenye habari ya mataa ya uwanja, akajizuia kucheka, sikumlaumu. Aliniambia wewe ni wa nne mwezi huu. Wa nne! Hao watatu mko wapi? Mbona mlikaa kimya? Mngesema, Mama angekuwa anatazama taarifa yake sasa hivi. Aibu yenu ndiyo iliyonigharimu mie 6,800 na antena, na kama nami ningenyamaza ingemgharimu mwengine.

Na huyu mtu akishikwa, wazee wangu, mimi sisemi apigwe. Tumeshaona watoto wa watu wanauawa bure kwa kelele za "mwizi". Lakini faini peke yake sitaki, atailipa kwa pesa zetu. Afungwe, na akiwa ndani awekewe runinga yenye kibapa chake kile, akae mbele yake mwaka mzima, aambiwe asiguse rimoti. Akitoka aje amwombe radhi Mama, miguu haina viatu kama alivyoingia. Na yule "mhasibu" naye atafutwe, laini haijisajili yenyewe, ina kitambulisho cha mtu. Mimi hapo ndipo ninapowakalia polisi kila siku, nambari wanayo, jina wanalo, wanangoja nini?

Haya, mnaouliza mtamjuaje. Anabadilisha shati, msitazame shati. Anayewaambia chaneli za kulipia zinafunguka kwa antena ni mwongo, zile zimefungwa, zinataka king'amuzi au kadi ya kampuni yenyewe na malipo yake. Akiwaonyesha picha, mwambieni atoe waya wa antena nyuma ya boksi. Picha ikiendelea, ni flashi. Ama mwambieni ahamie taarifa ya wakati huo. Pesa msitume kwa jina lisilo lake. Na saa 24 za kungoja ni za yeye kuvuka feri ya Likoni akapotea. Mengine nikikumbuka nitaongeza, sasa hivi hasira haziniachi.

Mama tumemwekea redio. Hasemi na mimi sana.

Jambo la mwisho. Antena yangu lazima ataiuza mahali, aluminiamu haikai. Ina miiba kumi na mmoja, wa tatu kutoka mbele umepinda kwa sababu ya kunguru, na shingoni ina kamba ya nailoni ya kijani ya wavuvi, fundo nilifunga mwenyewe. Mkiiona juu ya paa la mtu, au kwa mnunuzi wa vyuma chakavu Likoni au Kongowea, msigombane naye, pengine naye kauziwa. Niambieni tu iko wapi, nitakuja kuinunua tena.