Uzoefu wangu wa kozi ya mtandaoni ya uchanganuzi na usanifu wa mifumo ya taarifa za biashara

Nimemaliza kozi ya wiki 12 ya uchanganuzi na usanifu wa mifumo ya taarifa za biashara, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mtu anayefikiria kujiunga akiwa, kama nilivyokuwa mimi, mfanyakazi wa ofisi asiyejua kuandika programu. Kilichonisukuma ni mfumo wa ghala ulionunuliwa kazini kwetu, ambao baada ya miezi michache watu waliuacha wakarudi kwenye makaratasi. Kila mmoja alikuwa na mtu wa kumlaumu, lakini hapakuwa na aliyeweza kueleza ni wapi hasa tulikosea.

Wiki tatu za mwanzo zinakwenda polepole. Zinaeleza hatua za maisha ya mfumo, kuanzia upembuzi yakinifu hadi matengenezo, na mtu aliyewahi kushiriki mradi wowote anaweza kuzipitia kwa siku mbili. Hata hivyo nilinufaika na historia fupi iliyotolewa humo: mtindo wa kufuata hatua moja baada ya nyingine bila kurudi nyuma huhusishwa na makala ya mhandisi wa programu Winston Royce ya mwaka 1970, ilhali Royce mwenyewe aliandika humo kwamba kuutekeleza hivyo ni hatari na kunaalika kushindwa. Sisi tulinunua mfumo wetu kwa mtindo huohuo alioutolea tahadhari, zaidi ya miaka 40 baadaye.

Thamani ya kozi inaanza wiki ya nne, katika somo la kukusanya mahitaji. Mwalimu anasisitiza kwamba usimwulize mtumiaji anataka mfumo ufanye nini, kwa sababu atakutajia anachodhani unataka kusikia. Mwombe akuoneshe kazi ya mwisho aliyoifanya, tangu ilipomfikia hadi ilipotoka mikononi mwake. Zoezi lilitutaka tufanye mahojiano ya namna hiyo, nami nikamwendea mtunza stoo wetu, mtu mzima aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi.

“Mzee,” nilimwambia, “hebu nioneshe kipuri cha mwisho ulichokitoa leo.”

Hakufungua kompyuta wala faili. Alitoa mfukoni mwa shati daftari dogo lililofungwa kwa mpira, akanionesha mstari ulioandikwa kwa penseli: jina la fundi, aina ya beringi, idadi, saa. “Mwanangu,” alisema, “fundi akisimama hapa na mashine imezima, nampa kwanza. Hati tutaitafuta baadaye.”

Daftari hilo halikutajwa katika mwongozo wowote wa kazi, na mfumo tulioununua haukuruhusu kitu kutoka ghalani bila namba ya ombi lililoidhinishwa. Nilipoliona ndipo nilipoelewa kwamba watu hawakuukataa mfumo kwa ukaidi au kwa kuogopa kompyuta, kama tulivyozoea kusema vikaoni, bali waliuacha kwa sababu ulizuia kazi iliyopaswa kufanyika saa ileile.

Somo lililofuata, la michoro ya mtiririko wa data, lilinipa namna ya kuliweka jambo hilo kwenye karatasi. Alama zake ni nne tu: mhusika wa nje, mchakato, hifadhi ya data na mshale wa mtiririko. Nilichora mshale kutoka daftari la mzee moja kwa moja hadi kwenye leja ya ghala, nikaridhika. Mchoro ulirudi ukiwa na swali moja la msahihishaji: “Nani anahamisha, na lini?” Kanuni ni kwamba data haiwezi kutoka hifadhi moja kwenda nyingine yenyewe, lazima katikati pawe na mchakato. Ilinibidi nirudi kuuliza, nikaambiwa kwamba mzee huhamisha mwenyewe kila Ijumaa jioni, na mwandiko ukiwa umefutika hutegemea kumbukumbu yake. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu leja ilikuwa ikisema jambo moja na rafu jingine, na idara ya ununuzi iliagiza vitu kwa kutazama leja.

Sehemu ya hifadhidata pia imefundishwa kwa uangalifu. Inaanza na wazo la majedwali yanayohusiana, lililotolewa na mwanasayansi wa kompyuta Edgar Codd mwaka 1970, kisha michoro ya vitu na mahusiano yake, ambayo mwanasayansi mwingine wa kompyuta, Peter Chen, aliieleza mwaka 1976. Zoezi lilikuwa jedwali moja kubwa la manunuzi ambamo jina na simu ya msambazaji vimerudiwa katika kila mstari, na msambazaji mmoja ameandikwa kwa tahajia tatu tofauti. Tulipoligawa, msambazaji akabaki kwenye jedwali lake mwenyewe, ameandikwa mara moja tu na kuitwa kwa ufunguo wake, yaani namba inayomtambulisha yeye peke yake, kokote anakohitajika.

Kasoro zipo, na si ndogo. UML (Unified Modeling Language), lugha ya michoro ya kusanifu programu iliyopitishwa kuwa kiwango mwaka 1997, imepewa wiki moja tu, na mtu anayetaka kufanya kazi pamoja na watayarishaji programu atalazimika kujisomea zaidi. Mazoezi ya mwishoni husahihishwa na wanafunzi wenzako, na wengi wao huandika “kazi nzuri” bila kugusa mchoro wenyewe. Kilichonisikitisha zaidi ni somo la kuhamia mfumo mpya: njia zote nne, yaani kuhama kwa mara moja, kuendesha mifumo miwili sambamba, kuhama kwa awamu na kuanza na kitengo kimoja cha majaribio, zimepitishwa kwa dakika 20. Sisi tulihama kwa siku moja, bila njia ya kurudi, na ningependa kufundishwa kwa kina namna ya kuchagua.

Pamoja na hayo ninaipendekeza kwa moyo wote, hasa kwa anayeujua mchakato wa kazi kutoka ndani. Usihangaike kutafuta programu ya kuchorea. Penseli na kifutio vilinitosha hadi wiki ya tisa.

Sasa tumeanza kuandika upya mahitaji ya mfumo wetu. Hitaji la kwanza nililoliandika linasema kwamba mtunza stoo ataweza kutoa kipuri cha dharura kabla ya idhini, kwa sharti kwamba ombi likamilishwe ndani ya saa 24, na lililopitisha muda huo lijitokeze kwenye orodha ya meneja. Nilimsomea mzee. Alifikiri kidogo, akaniuliza itakuwaje kwa beringi iliyotolewa Ijumaa usiku, wakati meneja harudi hadi Jumatatu. Nikaandika saa 72.