Ford Focus na Chevrolet Cruze kwa mnunuzi wa bei nafuu
Miongoni mwa magari madogo yaliyoundwa Marekani katika miaka ya 2010, Ford Focus ya Wayne, Michigan, na Chevrolet Cruze ya Lordstown, Ohio, yalishindana kwa karibu. Kwa raha ya kuendesha, Focus inashinda: injini yake ya lita 2.0 hutoa nguvu za farasi 160, na usukani hutii upesi kwenye kona. Kasoro yake kubwa ni giaboksi otomatiki yenye klachi mbili kavu (zisizopozwa kwa mafuta), iliyofungwa kuanzia matoleo ya 2012, ambayo hutetemeka gari linapoondoka na ambayo iliifikisha Ford mahakamani. Anayeipenda Focus, basi achague ya gia za mkono. Cruze ya lita 1.4 yenye turbo, nguvu za farasi 138, ni tulivu zaidi, na otomatiki yake ni ya kawaida, ingawa pampu yake ya maji inajulikana kwa kuvuja.