Gereji ya magari ya umeme, Industrial Area, Nairobi: betri kwanza, mlango baadaye

Matatu iliniparamia ubavuni nikiwa kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa, karibu na Nyayo. Mlango wa kushoto wa Leaf yangu, gari la umeme la Nissan, ulibonyea hadi chini kabisa, na betri ya gari hili iko chini ya sakafu. Hicho ndicho kilichonitia hofu.

Gereji ya kwanza niliyoipigia ilitaka kuja kunivuta kwa kamba. Nikakataa. Leaf inasukumwa na magurudumu ya mbele. Yakiburutwa yakiwa chini, mota huzalisha umeme. Hawa wa Industrial Area waliuliza kwanza: kuna moshi? Kuna harufu? Kuna kitu kinavuja? Wakaniambia nizime gari, nikae mbali nalo, nisiguse waya wowote wa rangi ya chungwa. Wakaja na lori la kulibeba zima zima. Polisi walikuwa wameshapima, abstrakti (hati ya polisi ya kuthibitisha ajali) nikaifuata kesho yake.

Pale gereji fundi alivaa glavu za mpira, akachomoa waya za betri ndogo ya volti 12, akang'oa plagi kubwa iliyo sakafuni mbele ya kiti cha nyuma. Kisha akakaa kitako dakika kumi. Nilipouliza, akasema ndani ya inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota, kuna kapasita, yaani vihifadhi vya umeme, zinazobaki na umeme hata plagi ikitoka, na huo si umeme wa kuchezea: volti zinakaribia 400. Usiku huo gari lililala uani peke yake, mbali na ukuta na magari mengine, kwa sababu betri ya lithiamu iliyoumia inaweza kushika moto saa nyingi baadaye.

Asubuhi wakapima kama umeme unavujia bodi, kisha wakasoma jozi zote 96 za seli, moja moja. Zilikuwa sawa. Wakanipa karatasi yenye vipimo, nami nikamshukuru Mungu kwa karatasi hiyo: asesa, yaani mkaguzi wa bima, alikuwa ameangalia mlango tu.

Walipokosea ni kwenye muda. Waliniahidi wiki moja, mlango ukachukua tatu, na mwishowe nikautafuta mwenyewe kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road. Rangi nayo imepishana kidogo na ya bodi, ukiiangalia juani.

Lakini kwa kazi ya betri nawapa nyota tano. Mkigongwa, wapigieni hata kama gari bado linatembea, na muwaombe vipimo vya seli kwa maandishi kabla asesa hajafika.