Sirapu ya bromheksini kwa kikohozi cha makohozi, nyota 4 kati ya 5

Nimeimaliza chupa, nilinunua duka la dawa hapa Mbagala, na kusema ukweli inafanya kazi ila sio vile wengi wanavyotegemea. Haikati kikohozi, tena mwanzoni unaweza kukohoa zaidi maana yale makohozi mazito yaliyogandia kifuani yanalainika yanaanza kutoka, sasa mtu akiona hivyo anakimbilia ile ya dekstromethofani inayozima kikohozi afu uchafu wote unabaki humo humo. Nyota moja nimekata sababu ya utamu, umezidi bana. Pimeni kwa kile kikombe chake sio kijiko cha chai cha nyumbani, na mwenye vidonda vya tumbo aongee na mfamasia kwanza. Maji kunywa ya kutosha.

Mafua ni virusi jamani, msilazimishe amoksilini (hiyo ni ya bakteria) eti kohozi limekuwa la kijani. Ila ukifika wiki 2 bado unakohoa, au unakohoa damu, unatoka jasho usiku na unakonda, achana na masirapu kapime TB, vituo vya serikali ni bure. Mtoto chini ya miaka 2 usimpe sirapu hii bila daktari.